Programu ya miadi ya hina: miezi mitano nikiitumia

Nachora hina na piko, ile rangi nyeusi ya kupambia mikono na miguu, hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Simu yangu imejaa picha za mikono na miguu ya maharusi walionivulia buibui kwa kuniamini, na nyingine zina nyuso. Kwa hiyo programu yoyote ya kupanga miadi naipima kwanza kwa jambo moja: inataka kuona nini?

Niliyokuwa nayo kabla ya hii niliifuta. Siku ya kuifungua tu iliomba namba zote za simu, picha zote na mahali nilipo, hata jina sijaandika. "Kubali" kilikuwa kitufe kikubwa cha kijani. "Kataa" ilikuwa maandishi ya kijivu yaliyofifia chini kabisa. Nina mteja mbele yangu, nikabonyeza. Jioni shangazi akanipigia kuniuliza mbona nimemtumia mwaliko wa kujiunga. Wateja nao walikuwa wameupata, hata mama mmoja aliyenisihi namba yake nisimpe mtu. Niliona haya sana.

Hii hupiga hodi. Mwezi mzima haikuniomba kitu. Nilipotaka kubandika mchoro wa piko kwenye miadi ndipo ilipofungua dirisha la kuchagulia picha, lile lililokuja na Android 13. Nikachagua moja, ikaingia hiyo moja tu. Namba ya mteja naiandika mwenyewe. Ujumbe ukija simu ikiwa imefungwa, kioo huandika "una miadi" bila jina la mtu. Simu yangu hukaa mkekani katikati ya wanawake kumi, kwa hiyo hilo kwangu ni kubwa kuliko yote. Nyumba zetu za mawe zina adabu hiyo hiyo: mgeni asiyezoeleka huishia dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, na ukiingia tekani, kile kiukumbi cha nyuma ya mlango, bado hukioni kiwanda, yaani ua wa nyumba, moja kwa moja, sembuse ndani.

Yapo ya kurekebisha. Kufuta akaunti kumefichwa kurasa nne ndani, na sera ya faragha ni ya Kiingereza kitupu ingawa vitufe vyote ni vya Kiswahili. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote, basi njia ya kutoka iwe fupi kama ya kuingia. Nimewaandikia hivyo.

Nyota nne. Kitufe cha kufuta kikiletwa mbele, nitarudi kuongeza ya tano.