Bei ya wenyeji haina chai: siku zangu tano Dar na Unguja, begi mgongoni

Jana nimepokea meseji ya gesti niliyolala Unguja: "Mpendwa mgeni wetu, tunaomba utupe nyota na maoni yako." Mgeni? Leo ndo nimekuwa mgeni? Haya, nilishaamua kunyamaza na hasira zilikuwa zimeshapoa, ila wamezikoleza wenyewe.

Jina la hiyo gesti silitaji. Iko Mji Mkongwe, ndani ndani huko kwenye vichochoro, siyo mbali na pale Jaws Corner wazee wanapokunywa kahawa, mlango wa mbao wa nakshi, ukiingia kuna ngazi nyembamba inapanda mpaka juu ya paa. Picha zao hazidanganyi, hilo niseme mapema. Nilitaka niwape nyota moja nimalize lakini godoro lilikuwa zuri, neti haina tundu, maji yanatoka. Sasa subiri.

Tulikuwa wawili, mi na binamu yangu, watoto wa Nkuhungu, Dodoma, kila mtu begi moja la mgongoni basi, siku mbili Dar na tatu Unguja, hela ya kuhesabu. Mwezi wa saba huo, Dodoma upepo na baridi na vumbi la kiangazi, midomo inapasuka, tukasema twende tukaione bahari. Treni ya umeme kutoka Mkonze sina neno, yaani sina neno kabisa. Sisi tuliozoea basi, unashuka Dar jioni miguu imevimba kama viazi, leo unasinzia kidogo unashtuka uko kwenye mahandaki ya Kilosa. Binamu kila tukiingia handakini anatoa simu anarekodi, nilivyoangalia baadaye ni giza tupu.

Dar tumezurura kwa miguu. Kariakoo kuna dada anauza leso, hatujui hatumjui, akatushika akatugeuzia mabegi kifuani, "Nyie vijana, hapa begi likiwa mgongoni siyo lako tena." Tukatembea hivyo kama wajawazito mpaka Posta. Jioni mihogo ya Coco Beach, pilipili mpaka machozi, asubuhi boti. Na hapo kwenye boti mtu wa Dodoma unajua kabisa ulizaliwa nchi kavu, maana mwezi wa saba kusi inavuma, boti inapanda inashuka, wahudumu wanapita na vifuko vya kutapikia kama wanagawa peremende. Binamu alichukua vitatu. Mi nilichukua kimoja tu, cha akiba, kikatumika.

Sasa gesti. Kabla hatujaondoka nilipiga simu, kijana wa mapokezi akaniambia kuna bei ya wageni, hiyo ni ya dola, na kuna bei ya wenyeji, elfu sitini chumba cha watu wawili, kila kitu humohumo. Nakumbuka alisema kila kitu humohumo. Au labda alisema kila kitu kimo chumbani, sijui feni na nini, maana nilikuwa stendi ya Nanenane wapiga debe wanapiga kelele, siwezi kuapa. Ila nilifurahi, nikamwambia binamu leo kuzaliwa Tanzania kumelipa.

Tumeshuka bandarini tu papasi, wale vijana wanaowinda wageni, wameshatujua, "Wabara, karibuni, mnalala wapi?" Usiku Forodhani jamaa wa mishikaki alivyosikia naongea "asee, hivi hii bei gani" nikaona kabisa bei inapanda machoni kwake. Hata mtoto wa miaka sita aliyekuwa anaruka baharini pale ukutani alituita wabara. Sawa, tumekubali, sisi ni wabara, ni wageni, tumelala.

Asubuhi tukapanda juu ya paa. Jamani lile paa. Bahari yote ile, majahazi, minara ya misikiti na ya kanisa, mabati yenye kutu chini huko na paka juu yake, upepo mzuri siyo ule wetu wa kukwangua. Na meza imepangwa: mapapai, nanasi, mayai, chapati za moto, juisi ya ukwaju kwenye jagi. Wazungu wanne watano wanakula taratibu, huu ndo msimu wao, kwao watu wako likizo. Nikachukua sahani, chapati mbili, nikakaa, nikamega.

Anakuja yule kijana wa mapokezi.

"Samahani kaka, hii chai ni ya wageni."

"Ndiyo. Sisi ni wageni."

"Hapana, nyie ni wenyeji."

Nikadhani anatania. Nikamwambia kaka, mi nimetoka Dodoma, jana nimetapika njia nzima, nyumba yenu nimeipata baada ya kupotea mara tatu, huo wenyeji nimeupata saa ngapi? Akasema mmelipa bei ya wenyeji, bei ya wenyeji haina chai. Kwa sauti hiyo ambayo wazungu wote wameacha vijiko. Halafu akaiangalia ile chapati mkononi mwangu akasema, "Hiyo uliyoimega malizia tu, ila usiongeze."

Malizia tu.

Naomba mnielewe, siyo chapati. Chapati hata Nkuhungu zipo, tena kubwa kuliko zile. Ni hiyo malizia tu. Sisi watu wa Dodoma tumetaniwa miaka yote, ukifika Dar wakijua Mgogo basi utani ni wa ombaomba tu, unacheka maisha yanaendelea. Lakini kuambiwa malizia na mtu niliyemhesabia elfu sitini mkononi, mbele ya watu, na binamu yangu ambaye ni mdogo anakodoa macho chini kwenye vidole vyake, hapana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, mi nilikuwa vyote viwili na sikupona. Na kibaya zaidi niliimalizia. Njaa, tumbo tupu tangu kwenye boti, nifanyeje. Nimeshuka ngazi natafuna.

Siku nzima ile imeharibika. Tulikwenda kisiwa cha Changuu kwa mtumbwi wa injini, kule kuna makobe makubwa, yale yaliletwa kutoka Shelisheli tangu enzi za ukoloni, wengine wana miaka zaidi ya mia. Watu wanayalisha majani kwa mkono, wanapiga picha, wanacheka. Binamu akasema "ona kobe anavyokula," nikamjibu lazima ale, katoka Shelisheli huyo, ni mgeni. Sikucheka. Maji yalikuwa ya kijani unaona mpaka mchanga chini na sikuyafurahia kabisa, tumerudi, tumepita Beit el Ajaib, lile jumba la kale la masultani, imezungushiwa uzio tangu ilipoporomoka upande mmoja 2020, nikaona hata hiyo imenifungia makusudi.

Kesho yake tunashuka kimyakimya twende Darajani kutafuta chai, mama mmoja akatuita kutoka mlango wa nyuma, jikoni. Mtu mzima, kanga mbili, unga mpaka kwenye viwiko. Tukamwamkia. "Marahaba. Nyinyi ndo wale wa chapati? Njooni wanangu, kaeni kitako." Kumbe habari imeshuka mpaka jikoni. Akatukalisha kwenye kigoda na ndoo iliyogeuzwa, akatupa vitumbua vya moto, chai ya mchaichai, sukari tele. Hakutaka hela. Nilivyomshukuru nikaanza kumlalamikia, nikasema mama, huku visiwani mnatuonaje sisi watu wa bara? Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Yule kijana? Yule si wa hapa. Mwenzenu wa bara yule, kwao Manyoni huko, kaja na begi kama hayo yenu. Tajiri akikuta mtu wa bei ya wenyeji yuko juu, mshahara wake unakatwa."

Manyoni! Yaani jirani kabisa, Wagogo wamejaa, bibi yangu mzaa mama ana ndugu kule. Nimesafiri nimevuka bahari nimetapika, kuja kunyimwa chapati na mtu wa Manyoni.

Hapo hasira ikanichanganya, sikujua tena namkasirikia nani. Kama ni kweli anakatwa, basi mwenye makosa ni huyo tajiri aliyepanga bei mbili na hajui tofauti ya mgeni na mwenyeji. Lakini tajiri hakumwambia aseme malizia tu. Hiyo kaitunga mwenyewe.

Siku ya kuondoka nikamsalimia Kigogo, mbukwenyi. Alishtuka mpaka kalamu ikaanguka. Akaitikia, akacheka, akauliza nyumbani mvua zilikuwaje, uwele umekomaa, tukaongea pale dakika kumi kama ndugu, akabeba begi la binamu mpaka nje ya kichochoro. Nikasema basi, nimesamehe, nawapa nyota nne. Begi likiwa bado begani kwake akaniambia kuna elfu tano ya taulo, limekutwa na mchanga.

Nimelipa.

Kwa hiyo nyota. Moja ya godoro. Moja ya mama wa vitumbua, na hiyo apewe yeye mkononi isipitie mapokezi. Ya tatu nilitaka iwe ya lile paa, lakini paa lenyewe nimekaa dakika saba. Weka mbili. Na kama mnaenda, ulizeni kwenye simu kabisa, chai imo au haimo, tena msipigie stendi.