git archive na git worktree kwa wanaopima bando

Kumkabidhi mteja wa Gulu au Mbarara mradi wake si kubana folda nzima kuwa zip. Ukifanya hivyo, folda ya .git, ambamo Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) huweka kumbukumbu zake, inaingia pamoja na historia yote, na nywila uliyoifuta mwaka jana bado imo. Ikipandishwa kwenye seva na kubaki wazi, mtu yeyote anaweza kuivuta na kuunda upya msimbo wako mzima.

Amri ya kazi hii ni git archive:

git archive --format=zip --prefix=duka/ -o duka.zip v1.2

Inatoa faili zilizomo kwenye lebo v1.2 (jina ulilolipa toleo moja) tu, mabadiliko usiyoyaweka kwenye komiti, yaani usiyoyahifadhi kwenye historia, hayamo. Mkwaju wa mwisho katika duka/ ni lazima. Ukiusahau, utapata dukaindex.php badala ya duka/index.php. Folda ya majaribio unaiacha nje kwa kuandika "tests export-ignore" ndani ya .gitattributes, ila Git huisoma faili hiyo kutoka kwenye toleo linalotolewa. Kama lebo ilitangulia mstari huo, ongeza --worktree-attributes. Kasoro kubwa ni moduli ndogo (submodules, yaani miradi mingine iliyounganishwa ndani ya mradi wako): folda zake hutoka tupu, bila onyo lolote. Hapo svn export, amri ya Subversion (programu nyingine ya kutunza matoleo), inaishinda, kwani huchukua hata svn:externals, yaani miradi ya nje iliyounganishwa, bila kuombwa. (GitHub ilifunga mlango wa Subversion Januari 2024, kwa hiyo ile mbinu ya kuvuta folda moja kwa svn export haifanyi kazi tena huko.)

Lakini git worktree, amri inayofungua folda ya pili ya kazi kwa mradi ule ule, ndiyo hasa inayostahili sifa. Ipo tangu Git 2.5 ya mwaka 2015, na bado kuna timu Kampala zinazovuta mradi upya kwa git clone kila mteja anapopiga simu kuhusu hitilafu ya dharura. Kwa anayetumia bando la simu, hiyo ni hasara tupu.

git worktree add -b rekebisho ../duka-rekebisho main

Folda ya pili inapatikana papo hapo, ikitumia historia ile ile iliyo kwenye diski. Kazi uliyoiacha nusu haiguswi, wala huhitaji kuiweka kando kwa git stash.

Tawi (mkondo wa kazi) moja halifunguki katika folda mbili, tengeneza jipya. Faili zinazopuuzwa na Git hazifuati: .env (faili ya mipangilio) utainakili mwenyewe, na node_modules (folda ya vifurushi vya JavaScript) uijaze kwa npm ci --prefer-offline, ambayo hutumia kwanza vifurushi vilivyo tayari kwenye kompyuta, la sivyo bando uliloliokoa litaishia hapo.

Ukimaliza, tumia git worktree remove ../duka-rekebisho. Itakataa kama kuna mabadiliko au faili mpya, na inafanya vizuri kukataa. Ukifuta kwa rm -rf, Git itaendelea kudai tawi linatumika mpaka uendeshe git worktree prune, inayofuta kumbukumbu za folda zisizoonekana tena. Folda ikiwa kwenye flashi, ifunge kwanza kwa git worktree lock, ili prune isifute kumbukumbu zake wakati flashi imechomolewa.