Ahadi ndogo za kila siku au zawadi kubwa: kipi kinamfaa aliyeumizwa?

Mtu aliyetoka kwenye uhusiano wa kudanganywa au kutukanwa hupima vitendo, si maneno matamu. Ndiyo maana zawadi kubwa kutoka kwa mpenzi mpya, kama simu mpya au safari ya ghafla ya Zanzibar, mara nyingi humtia wasiwasi. Huenda aliyemuumiza alikuwa na mtindo huohuo: leo matusi, kesho gauni. Zawadi inayokuja baada ya ugomvi ndiyo mbaya kuliko zote, maana inanuka hongo.

Ahadi ndogo huenda polepole, ila hushika. Chagua moja au mbili unazoziweza hata ukiwa hoi: ujumbe wa asubuhi, simu ya saa tatu usiku. Ukiona utachelewa, mwambie kabla ya muda kufika: "Nimekwama kwenye foleni Ubungo, nitakupigia saa nne." Wengi huharibu kwa kuanza na simu sita kwa siku, kisha wiki ya tatu zinabaki mbili. Kwako ni shughuli tu. Kwake ni dalili ya kuachwa. Akinyamaza, usimhoji. Muulize, "Nikusikilize au nikuache kidogo?" kisha fuata jibu lake. Ukisema utarudi baada ya saa moja, rudi.

Zawadi hazijakatazwa, bora ziwe ndogo na zisizo na masharti. Akikosa usingizi kwa majuma, msindikize kwa mshauri nasaha. Akitaja kujidhuru, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.