Yadi ya kulaza magari Kigoma: gari sawa, dagaa zangu zilikosa nini?

Jamani mwenye chombo chochote hapa Kigoma, awe na kirikuu (pikapu ndogo), Noah, Fuso, hata bajaji, asome hii mpaka chini maana haijulikani kesho zamu ya nani. Jina la yadi sitalitaja, wa hapa mjini wengi mtaijua, na wao wenyewe wakisoma watajijua.

Kirikuu yangu ilikata propela kwenye ule mlima wa kutoka mjini kupanda Mwanga. Ilikuwa imebeba magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, kavu kabisa, zinakwenda stendi ya Masanga kupakiwa basi la Kasulu, na huko kuna mteja alishatanguliza nusu ya hela. Kilikuwa kipindi kile cha mvua zisizoeleweka, jua likiwaka saa nzima unashtukia wingu hilo limeshafika. Kijana wangu wa gari akakata matawi akaweka nyuma na mbele ili wenye magari wajue kuna chombo kimeharibika, akanipigia, nikachukua bodaboda mbio. Fundi hajafika hata, brekdauni, gari la kuvuta magari, hiyo hapo. Nani aliyeiita mpaka leo sijaambiwa. Ila kuondolewa barabarani sina ugomvi nako, ule mlima ni mwembamba, malori yanapita, gari likikaa pale linaweza kuua mtu.

Na niseme haki ya mtu. Yule dereva wa brekdauni ni mtu wa watu. Mzee wa makamo, alishuka akanisalimia kwa Kiha, mwakeye mama, akazunguka gari lote, akalala chini kwenye tope na ovaroli lake, akachukua kamba akaifunga propela iliyokuwa inaning'inia isije ikaburuzika na kuharibu vingine, akaweka magogo kwenye matairi ndo akaanza kunyanyua. Upepo ulipofunua turubai langu alilirudishia mwenyewe, sikumwomba. Kazi ile hela yake ningelipa bila kubishana hata shilingi. Nikamwambia baba naomba unifikishe gereji kwa fundi wangu hapo juu Mwanga, akaniangalia kwa huruma akasema mama mimi nimetumwa, gari linaenda yadi, mengine utaongea na ofisi.

Ofisi yenyewe ni kontena lenye kidirisha. Ndani kuna kijana, ana simu mkono mmoja, mbele yake kaunta buku limechoka na biro imefungwa uzi. Nikasalimia, hakuitika. Nikasalimia tena, akasema "gari gani." Kuvuta shilingi ngapi, akasema laki na ishirini. Kutoka pale mlimani mpaka yadini! Haya, na kulaza kwa siku ni shilingi ngapi? Akasema inategemea. Inategemea na nini mwanangu? Inategemea na gari. Si gari hilo unaliona hapo, kirikuu, linategemea nini tena? Akarudi kwenye simu yake, "lipa ya kuvuta kwanza, ya kulaza tutaona siku ukija kutoa."

Nyie, mtu anakuuzia kitu bei atakwambia baadaye! Hata muuza nyanya wa Mwanga sokoni anakutajia fungu ni shilingi ngapi kabla hujafungua pochi.

Sasa laki na ishirini pale mkononi sikuwa nayo, mfanyabiashara wa dagaa akishapakia mzigo hela yake yote iko kwenye magunia. Nikamwambia vizuri kabisa, tena kwa sauti ya chini, mwanangu mimi sikatai kulipa, gari si mnalo, lizuieni, ila naomba nishushe magunia yangu niwahi basi, nikiuza hela yenu naileta. Akasema hakitoki kitu. Nikasema basi niruhusu niingie nifunge turubai vizuri, wingu lile. Akasema haingii mtu. Kijana wangu naye akajaribu, kaka tunafunga kamba tu dakika mbili tunatoka, mlinzi akasimama getini na rungu. Nikamwambia yule wa kidirishani, mwanangu hizi ni dagaa, zikiloa zimekwisha. Akaniangalia sasa, mara ya kwanza kuniangalia toka nifike, akasema, "Mama, hapa si Kibirizi."

Hapa si Kibirizi. Hilo neno nimelala nalo nimeamka nalo. Kibirizi ndo imenisomeshea watoto. Kibirizi ndo inalisha nusu ya mji huu, hata chakula anachokula yeye mchana nina hakika kina dagaa ya Kibirizi au mawese ya pale pale. Mtu mwenye umri wa mwanangu wa mwisho ananiambia hivyo mbele ya kijana wangu na mbele ya mlinzi, na mlinzi anacheka.

Mvua ikanyesha jioni ile ile.

Wasiojua biashara hii niwaeleze kidogo. Dagaa inavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwaka sana hakuna kitu, kwa hiyo siku zenyewe za kupata mzigo ni za kuhesabu. Na siku hizi ziwa linafungwa ili samaki wazaliane, mwaka 2024 Tanganyika ilifungwa upande wetu kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, sipingi, ni kwa faida yetu, ila ujue ukipata mzigo ukiwa mzuri umepata mali. Ukishaanika ikakauka sawasawa ile dagaa inang'aa kama fedha na ukiishika inakatika kwa mlio. Ikinyeshewa ndani ya gunia inashika fukuto. Unatia mkono katikati ya gunia unakuta joto, rangi imegeuka njano, harufu ndo usiseme, ukiweka siku mbili tatu tena funza wanatembea. Kuanika upya haisaidii, mteja akiishika tu anajua.

Nikaenda kukopa kikoba, nikarudi baada ya siku kadhaa. Kijana yule yule, kidirisha kile kile. Akafungua kaunta buku akasema laki mbili na themanini. Nikamwomba anisomee mchanganuo, kuvuta kiasi gani, siku ngapi, kila siku kiasi gani. Akaligeuza lile daftari upande wake nisione! Nikalipa. Ningefanyaje, gari ndo mguu wangu. Nikaomba risiti, akachana kipande cha karatasi akaandika GARI 280,000 akasaini. Basi. Hakuna jina la kampuni, hakuna TIN (namba ya mlipa kodi), hakuna tarehe mpaka nilipomwambia aandike. Ninayo mpaka leo.

Gunia la kwanza nilipolifungua pale pale yadini, nililia. Sioni aibu kusema. Magunia ya chini kabisa, yale yaliyolaliwa na wenzake, nikaokoa kidogo nikauza kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa, mengine tukaenda kumwaga. Na ile nusu ya hela ya mteja wa Kasulu nadaiwa mpaka sasa.

Sasa niulize kitu kimoja na naomba anayejua anijibu. Hela ya serikali siku hizi inalipwa kwa kontrol namba, ukilipia kiwanja kontrol namba, leseni kontrol namba. Hela ya mfanyabiashara ina risiti yake ya EFD, ile ya mashine ya kodi, si tunaimbiwa kila siku ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti? Laki mbili na themanini yangu haina kontrol namba na haina EFD. Ni hela ya nani? Kama yadi inafanya kazi ya halmashauri ningepewa namba ya malipo. Kama ni biashara ya mtu binafsi, nani amempa mtu binafsi mamlaka ya kushika mali yangu na kunifungia geti?

Nimekuja kuelewa tatizo liko wapi baada ya kukaa na watu wanaojua mambo haya. Leseni ya biashara kila mtu anatakiwa kuwa nayo, sheria yake ni ya mwaka 1972, hata mwenye duka la vitenge anaibandika ukutani mteja aione. Lakini leseni ile inasema tu fulani anaruhusiwa kufanya biashara fulani. Haisemi kulaza kirikuu ni shilingi ngapi kwa siku, haisemi lazima umwachie mwenye mali achukue mali yake, haisemi gari likiharibikia barabarani mwenyewe ana haki ya kuchagua gereji. Mambo ya hivyo yanatakiwa yakae kwenye sheria ndogo, madiwani wanaipitisha, inapelekwa kwa waziri anairidhia, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ndo inakuwa sheria hasa. Ni safari ndefu lakini njia ipo, tumeshatungiwa za taka, za masoko, za mifugo inayozurura mjini. Mbuzi wangu akikamatwa anakula majani ya mtu ana utaratibu wake na faini yake imeandikwa, dagaa zangu zenye hela za watu hazina?

Mtoto wa dada yangu yuko Kanada, jimbo la Ontario, anaendesha malori. Nilivyomsimulia akaniambia mama mdogo hayo mambo huku yalikuwepo tena makubwa kuliko hayo. Zamani baadhi ya miji ilikuwa inatoa leseni za kuvuta magari kila mmoja kivyake, mingine haitoi kabisa, wenye brekdauni wakawa wanagombania magari ya ajali mpaka wanachomeana moto magari yao. Ikabidi jimbo lenyewe litunge sheria mwaka 2021, ya kuvuta na kulaza kwa pamoja. Kuanzia Januari 2024 kampuni haifanyi kazi hiyo bila cheti cha jimbo, na kuanzia Julai mwaka huo huo hata dereva mwenyewe lazima awe na cheti chake. Bei ya juu kabisa inawekwa wazi. Mwenye gari anasaini kukubali kabla halijavutwa na anasema lipelekwe wapi, labda kama polisi wameamua vingine. Anapewa ankara yenye mchanganuo kabla hajalipa. Na hapa ndo nilimwambia rudia tena, akarudia, yadi inatakiwa ikuruhusu kuingia saa za kazi uchukue vitu vyako ndani ya gari, bure. Bure! Yaani huko mimi ningeshusha magunia yangu kwa haki kabisa na gari lingebaki likinisubiri nikatafute hela.

Msiniambie Kanada ni matajiri. Kuandika bei kwenye ubao kunahitaji utajiri gani, rangi na brashi tu. Na mji wetu huu si wa kudharauliwa, mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kwenye maeneo 15 ya mwanzo duniani katika ule mpango wa serikali kuendesha mambo kwa uwazi, tukatajwa pamoja na Paris na Seoul. Mpango kwetu haukudumu baada ya nchi kujitoa, lakini watu waliouelewa si bado wapo?

Nilivyoanza kuandika nilitaka kusema kuvuta nzuri, kulaza mbaya, basi. Sasa kadiri ninavyoandika naona hata hiyo ya kuvuta nimeipamba. Yule mzee ana mikono mizuri na moyo mzuri, Mungu ambariki, lakini aliambiwa gereji ya Mwanga akapeleka yadi kwa sababu aliyemtuma anataka hesabu ya kulaza ikimbie. Hakuna aliyeniuliza nakubali au sikubali. Hapana, mzee simlaumu, naye ana watoto. Namlaumu aliyemtuma, na yule wa kidirishani namlaumu peke yake, hilo neno hakutumwa na mtu.

Wengine mtasema ningetoa kitu kidogo getini ningeruhusiwa. Inawezekana, kuna mtu alishaniambia yeye alitoa elfu kumi akaingia akachukua betri yake. Hiyo ndo inanichoma zaidi, maana inaonesha geti linafunguka. Mimi sitaki geti la elfu kumi, nataka iandikwe kwamba yadi ya kulaza magari haipewi kibali mpaka iwe na bei ubaoni, risiti yenye jina, sehemu yenye paa kwa magari yenye mizigo ya kuharibika, na mtu mwenye mzigo wake aingie aushushe hata kama hajalipa senti, na mali ikiharibikia ndani mwenye yadi ailipe. Wakiyaweka hayo hata hiyo laki na ishirini nitalipa kwa roho safi.

Kwa sasa ukiharibikiwa mlima ule usisubiri. Mpigie fundi wako aje na gari lolote lenye nguvu na kamba mlisogeze pembeni kabla hawajafika, na kama una mzigo wa kuharibika shusha kwanza, hata barabarani, hata watu wakutukane.

Diwani wetu nimeshamwona, akaniambia niandike barua na nisiende peke yangu. Barua nimeandika. Kwa hiyo wewe ambaye gari lako lililala pale, leta karatasi uliyopewa hata kama ni kipande cha kaunta buku kama changu, nipo Kibirizi kila asubuhi boti zikiingia, tuambatanishe zote pamoja. Mpaka jana tulikuwa wanne.