Hekalu la Meenakshi, Madurai: uzoefu wangu baada ya kuingia mara tatu

Nilikaa Madurai, kusini mwa India, kwa siku tisa, nikimwuguza mama aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho, na katika siku hizo niliingia Hekalu la Meenakshi, mungu wa kike wa Wahindu, mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka nimekasirika, mara ya pili nilitoka nimechoka, na ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Hasira niliitafuta mwenyewe. Mtu aliyejitia kuwa kiongozi wa wageni alinipandisha juu ya paa la duka lililo jirani na hekalu, akidai kuwa huko ndiko minara inakoonekana vizuri. Minara niliiona kweli, ila njia ya kushukia ilipita katikati ya mazulia na shali ghorofa baada ya ghorofa, na kila ghorofa ilikuwa na muuzaji asiyejua maana ya hapana. Paa la mtu halihitajiki. Hekalu lina minara 14, na ule mrefu kuliko yote, wa upande wa kusini, una urefu wa takriban mita 52, umejaa kuanzia chini hadi kileleni sanamu za miungu, mashetani na wanyama zilizopakwa rangi kali ambazo hupakwa upya kila baada ya miaka 12 hivi, hekalu linapotakaswa. Mji wenyewe umelizunguka hekalu kwa mitaa iliyopangwa kama miraba ndani ya miraba, mingi ikiitwa kwa majina ya miezi ya Kitamil, lugha ya huko, kwa hiyo mtu akipotea hana haja ya kuuliza sana.

Viatu na simu huachwa nje. Kaptura hairuhusiwi, na wanawake wafunike mabega. Kanga ya mama ilitosha kabisa. Jambo ambalo mgeni anapaswa kulijua mapema ni kwamba asiye Mhindu haruhusiwi kuingia katika vyumba viwili vya ndani kabisa, cha Meenakshi na cha mumewe Sundareswarar, ambaye ndiye Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Sikuona ubaya wowote, kwa maana kila nyumba ina chumba ambacho mgeni haingii. Zaidi ya hayo, hadi tarehe 8 Julai 1939 hata Wahindu wa tabaka zilizobaguliwa walikuwa wakizuiwa mlangoni, mpaka A. Vaidyanatha Iyer, mwanasheria mfuasi wa Gandhi, alipowaongoza baadhi yao kuingia.

Desturi ya hapa ni kumwamkia Meenakshi kwanza, kisha mumewe. Yeye ndiye mwenye mji. Masimulizi yanasema alizaliwa binti wa mfalme akiwa na matiti matatu, akatawala na kupigana vita, na titi la tatu likatoweka siku alipokutana na Shiva. Jina lake lina maana ya mwenye macho kama samaki, na katika sanamu zake hushika kasuku.

Ukumbi wa Nguzo Elfu, uliojengwa mwaka 1569, una nguzo 985. Nguzo zenyewe ni kazi ya ajabu, lakini maonyesho ya sanamu yaliyowekwa ndani yana vumbi na maelezo haba, nami sikukaa sana. Muda huo ni afadhali kuutumia kwenye ngazi za Bwawa la Lotasi ya Dhahabu, lililo humo humo hekaluni, ambako inasimuliwa kwamba washairi wa kale walikuwa wakitupa miswada yao majini, na iliyo mibaya ikazama. Wako washairi wetu wa mitandaoni ambao ningewalipia nauli.

Nendeni jioni. Mchana hekalu hufungwa hadi saa kumi, na kabla ya hapo jua huchoma mawe hata nyayo zisitue. Mara ya tatu niliingia saa mbili usiku, nikasubiri kwenye ujia mrefu ambao nguzo zake zimeng'aa kwa samli na mikono ya watu. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami alikuwa akitunga asumini kwa uzi, akifunga vichwa viwili viwili bila kutazama vidole, kama wafanyavyo bibi zetu wa pwani wanapotunga vikuba. Ilipokaribia saa tatu usiku zumari na ngoma zililia, umati ukasimama, na makuhani wakapita wakibeba machela ndogo ya fedha. Ndani yake hamkuwa na sanamu: Shiva hubebwa kwa umbo la nyayo zake, kila usiku, kupelekwa chumbani kwa mkewe kulala, na alfajiri hurudishwa kwake. Walisimama mlangoni kwa Meenakshi, ubani ukafukizwa, kisha wakaingia mahali ambapo mimi sikuweza kufuata.

Yule mwanamke alinikatia kipande cha uzi wake wa asumini. Nilimpelekea mama, ambaye bado alikuwa amefungwa jicho. Alinusa, akauliza kama kulikuwa na harusi.