Nguo za usaili Dar: anza mitumbani, malizia kwa fundi

Ukiitwa kwenye usaili na mfukoni una elfu hamsini tu, achana na suti. Suti ya bei rahisi hujitangaza tangu mlangoni: mabega yamempita mwenyewe, mikono imefika kwenye vidole, na lebo ya kampuni bado imeshonwa mwishoni mwa mkono wa koti kama beji. (Lebo ile hubanduliwa, jamani. Hata ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma ya koti hukatwa. Uliwekwa ili koti lisijikunje safarini.) Shati jeupe au la samawati, suruali ya kitambaa iliyokukaa, mkanda na viatu vilivyopigwa kiwi vinatosha kwa kazi nyingi za mwanzo.

Nafasi ya kwanza: mtumba pamoja na fundi

Nenda Karume, pale Ilala, asubuhi robota likifunguliwa. Nguo zilizoning'inizwa zimeshachambuliwa na bei yake imepanda. Zilizomwagwa chini zinataka subira, ila humo ndimo utapata shati zuri kwa bei ya chakula cha mchana. Kagua kola kwa ndani, halafu kwapa, maana doa la jasho la zamani halitoki kirahisi. Ingiza mkono ndani ya shati jeupe uliinue kwenye mwanga: ukiviona vidole, panga na singlendi. Kisha likunje kiganjani, ulibane kwa muda, uliachie. Likibaki na makunyanzi, jua utakavyofika Posta ukitokea Mbagala kwa daladala.

Koti huanzia mabegani. Fundi atakupunguzia kiuno na kukufupishia mikono, lakini kurekebisha mabega ni kulifumua koti karibu lote, na gharama yake haina maana. Suruali igeuze uangalie mshono wa nyuma kiunoni. Kitambaa cha akiba kikiwepo, hata ikikubana kidogo inaachiwa. Suruali yangu ya usaili wa mwisho niliinunua 6,000, fundi wa mtaani akachukua 3,000 kuipunguza na kuipinda, na ndiyo iliyonikaa vizuri kuliko zote nilizowahi kuvaa.

Ya pili: kushonesha

Ingekuwa ya kwanza kama mafundi wangekuwa wanatunza ahadi. "Njoo kesho" ya fundi wote tunaijua. Kama usaili uko mbali zaidi ya wiki mbili, shonesha, na tarehe mtajie ya siku nne kabla. Kwa dada zangu hapa ndipo penye faida kubwa, kwa sababu sketi au gauni la mtumba lenye urefu unaofaa ni la kutafuta kwa tochi. Unapolijaribu, usiishie kusimama mbele ya kioo. Keti, maana jopo litakuona umeketi, na sketi inayofika gotini ukisimama hupanda. Wa hijabu, chagua ushungi wa rangi moja usioteleza, usije ukautengeneza kila baada ya swali.

Kazi za serikali zina utaratibu wake: waraka wa mavazi ya watumishi wa umma upo tangu 2007, na nguo za kubana au za kuonyesha maungo hazimo. Kitenge kilichoshonwa kwa heshima hakina tatizo, bora kisiwe kile cha harusi.

Ya tatu: mpya za Kariakoo

Zinafaa kama muda umekwisha. Mashati mengi ya bei ya chini ni ya poliesta, na kwa joto la Dar utalowa kabla hujaitwa jina. Ukiongozwa na winga, yule dalali anayepeleka wateja dukani, cha juu chake kimo ndani ya bei; ingia dukani mwenyewe.

Ya mwisho: kuazima

Azima tai. Azima koti kama mabega yenu yanalingana. Viatu usiazime.

Viatu ndivyo vya kutolea hela zaidi. Moka nyeusi au za kamba kwa wanaume, za chini zilizofungwa mbele kwa wanawake. Za mtumba zipinde soli kwa nguvu papo hapo mbele ya muuzaji, kisha zivae nyumbani siku mbili, maana kuna soli za povu zinazokaa stoo miaka zikaoza kimyakimya huku juu zinang'aa. Mimi sikuzipinda. Nilikuwa kwenye maonesho ya ajira, meza ya pili, nimeshika bahasha ya vyeti, soli ya kulia ikaanza kumeguka vipande vipande sakafuni. Meza zote zilizobaki nilizizungukia nikiburuta mguu.