Kuwinda sungura Norfolk mwezi wa tano: huduma safi, msimu mbovu (nyota 3)

Pauni 95, masaa manne, bunduki wanakuazima, nyama unayopata ni yako. Ndo nilichonunua mwezi wa tano, kwenye shamba moja karibu na Thetford huko Norfolk, mimi naishi Peterborough kwahiyo ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Jina la jamaa silitaji maana kuna kitu nitalalamika huko chini na sitaki kumharibia mtu biashara kwa ajili ya siku moja, halafu huduma za hivi ziko nyingi na zinafanana, ukibadilisha jina la shamba tu basi.

Mazuri kwanza. Bunduki ni za upepo, na kwa wasiojua, England bunduki ya upepo ya kawaida isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12 haitaki leseni ukishatimiza miaka 18 na uko kwenye ardhi uliyoruhusiwa. Scotland usijaribu, kule toka 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti. Sasa nilidhani tutafika tukabidhiwe bunduki twende, kumbe hapana. Mwongozaji (mzee wa makamo, gambuti zimechakaa, chai kwenye chupa muda wote) anabandika karatasi mita 25, anakupa risasi tano, na zote tano ziingie kwenye duara la ukubwa wa sarafu ya peni 10. Zisipoingia unaanza upya. Anasema bunduki ya upepo haina ubavu wa kuua mnyama kwa kupiga mwili, ni kichwa tu, na pale kichwani penyewe pa kumzimisha hapo hapo ni padogo kama hiyo sarafu, ukikosea kidogo umemtesa. Mimi ilinichukua nusu saa na jasho lilinitoka na baridi ile. Kuna kijana tulikuwa naye alishindwa kabisa, akaambiwa leo utashika darubini uangalie tu, akanuna mpaka mwisho wa safari na hela yake hakurudishiwa. Mimi hapo nilimkubali sana yule mzee, biashara ngapi zitamkatalia mteja aliyeshalipa?

Pia anajua kazi. Tulitambaa kwenye mtaro pembeni ya shayiri, upepo unatupiga usoni, akatuonyesha ukingo wa msitu wenye mashimo kama chujio. Jua linakaribia kuzama ndo wanaanza kutoka mmoja mmoja.

Hapa niweke kitu kimoja maana lugha yetu inatuponza. Sisi wote hawa tunawaita sungura. Lakini yule sungura wa porini kwetu, wa kwenye hadithi anayemtapeli fisi, ni mnyama mwingine. Yule hachimbi shimo, anazaa juu ya ardhi kwenye nyasi, na vitoto vinatoka na manyoya, macho wazi, baada ya muda mfupi vinaweza kukimbia. Huyu wa Ulaya ndo babu wa wale tunaowafuga kwenye mabanda, anaishi shimoni, na watoto wake wanazaliwa uchi, macho yamefumba, hawawezi chochote. Uingereza wako wote wawili. Na kweli alipita yule wa kwanza, mkubwa, miguu mirefu, ncha za masikio nyeusi, nikaanza kumfuata na darubini, mzee akanigusa bega: huyo achana naye. Nikamuuliza kwa nini, akasema ni mwezi wa tano, ana watoto. Baadaye nikakumbuka kuna sheria ya toka 1892 inayokataza kuuza nyama ya huyo mwenye masikio meusi kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa saba, ili wazae kwa amani.

Vizuri. Sasa huyu wa shimoni je? Huyu hana msimu wa kupumzika. Sheria ya 1880 inampa mkulima haki ya kumuua kwenye shamba lake, ya 1954 ikaongeza kwamba mkulima ana wajibu kabisa wa kuwadhibiti. Kwahiyo kisheria tulikuwa sawa mia kwa mia, na ndo maana tangazo la huduma linasema majira ya kuchipua ni wakati mzuri kwa anayeanza, sungura wengi, wadogo, hawajui kuogopa.

Na ni kweli hawaogopi, hapo ndo moyo ulianza kusitasita. Wa kwanza niliyemlenga alikuwa wa kama robo tatu ya mkubwa, sura ya duara, kidoa cheupe kwenye paji la uso kama amepakwa unga. Tulikanyaga kijiti kikavu, wakubwa wote wakaingia shimoni, yeye akakimbia hatua tatu akasimama akageuka kutuangalia. Anakuangalia tu, anatafuna. Nilisoma bismillah nikafyatua, akalala hapo hapo.

Najua kuna watu wataanza: aah umeua kitoto. Subirini. Kwa mawazo yangu kumpiga yule mdogo si tatizo, na nilifikiri hivyo njia nzima nikirudi. Sungura wa shimoni anaacha kunyonya akiwa na wiki kama nne hivi. Yule niliyempiga alishakuwa anajitegemea, anakula shayiri ya mtu, na wengi wa rika lake hawafiki mwaka, ataliwa na mbweha, au mwewe, au ugonjwa. Hakuna aliyekuwa anamsubiri nyumbani. Kama unakula kuku wa wiki sita kutoka supamaketi huna la kuniambia.

Tatizo ni aliyefuata. Dakika kama 20 baadaye akatoka mmoja mkubwa, akakaa mdomoni mwa shimo, ametulia, mita 22, upande mzima wa kichwa uko wazi. Mzee akanong'ona, huyo mchukue. Nikamchukua. Kufika pale, mimi nilikuwa na kisu changu maana nilitaka niwahi kuchinja, nikachinja, kisha mzee akaanza kumpasua tumbo atoe utumbo pale pale shambani kama wanavyofanya huku. Kisu kikapita kwenye chuchu na maziwa yakatoka. Meupe, yakachanganyika na damu kwenye majani, yakamlowesha mzee vidole. Na manyoya ya tumboni yalikuwa na mapengo.

Yale mapengo nilikuja kuyaelewa baadaye. Jike akikaribia kuzaa anachimba kashimo kafupi, mara nyingi pembeni na wenzake, anang'oa manyoya ya tumbo lake mwenyewe anatandikia. Akishazaa anawafunika, anaziba mlango kwa udongo, anaondoka. Anarudi mara moja tu kwa siku, usiku, ananyonyesha dakika chache, anaziba tena. Wewe mwindaji huwezi kukaona hako kashimo hata ukikakanyaga. Sasa piga hesabu, mimi nimemuua saa mbili usiku kabla jua halijazama (mwezi wa tano huku giza linachelewa), kule chini kuna watoto, sijui watatu sijui sita, macho hayajafunguka, wanasubiri mlango ufunguliwe.

Nilimuuliza mzee. Hakukasirika, alijifuta vidole kwenye suruali akasema shamba linataka wapungue, ukiondoa jike mmoja umeondoa na watoto wake, ndo hesabu yenyewe. Na nikiri, jibu lake lina mantiki. Ngano na shayiri zile pembeni ya msitu zimeliwa mpaka zimekuwa kama kapeti, mkulima anapata hasara ya kweli, siwezi kumfundisha mtu shamba lake.

Ila sasa kama kweli lengo ni kupunguza, mbona wenye kazi hii wanaifanya wakati wa baridi? Novemba mpaka Machi ndo wanaposema inalipa, maana wako wachache, majani yamekauka unawaona, na kila jike unayemwondoa Desemba ni uzao wote wa mwaka unaofuata umeondoka, bila mtoto hata mmoja kufa njaa gizani. Mimba yao ni siku kama 30 tu na jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa, kwahiyo ukianza mwezi wa tano unachota maji baharini kwa kijiko. Wengi unaowapiga wangekufa tu, na wanaobaki wanaziba pengo. Yaani kwa shamba ni hasara, kwa sungura ni mateso, anayefaidi ni mteja kama mimi aliyetaka kurudi na picha. Basi waseme hivyo kwenye tangazo! Waseme tunafungua mwezi wa tano kwa sababu ndo mnaopatikana kirahisi, wateja na sungura.

Tena nchi hii imeshawahi kujiuliza swali hili. Mwaka 1953 uliingia ule ugonjwa unaovimbisha macho, ukaua karibu sungura wote wa Uingereza ndani ya miaka miwili mitatu, wakulima wengi walifurahi, wengine wakawa wanachukua sungura wagonjwa wanawapeleka mashamba mengine. Ile ile sheria ya 1954 inayomlazimisha mkulima kuwadhibiti ndo iliyofanya kueneza ugonjwa kwa makusudi kuwa kosa. Maana yake hata kwa mnyama mharibifu kuna namna ya kumuua isiyofaa.

Na kichekesho cha pale Thetford. Eneo lile wanaliita Brecks, mchanga mtupu, zamani za kati walifuga sungura kwa makusudi kama sisi tunavyofuga mbuzi, wakiwachuna ngozi na kula nyama, hadi leo lipo jumba la mawe la mlinzi wa sungura, la miaka ya 1400 hivi, nilisimama mbele yake nikapiga picha. Leo hii watu wa uhifadhi kwenye eneo hilo hilo wanarundika matawi ya miti na kuinua vichuguu vya mchanga ili sungura waongezeke, kwa sababu wamepungua sana na bila wao kutafuna nyasi kuna mimea adimu inapotea. Kwao Hispania na Ureno ndo kabisa, wameingia kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Kwahiyo upande huu wa barabara mtu anamjengea sungura nyumba, upande wa pili mimi nimelipa pauni 95.

Nisijifanye mtakatifu, kosa baya kuliko yote siku ile lilikuwa langu. Wa tatu nilikosea. Mita 30, alikuwa anatembea, mzee alisema subiri asimame, mimi nikaona nitaweza. Risasi ikampata begani nadhani, akapiga kelele, sikujua sungura wana sauti, ni kama mtoto mchanga, akajivuta mpaka shimoni akazama. Mzee hakuniambia neno. Alichukua bunduki akaitoa risasi, akakaa chini akamimina chai. Tulisubiri hadi giza hakutoka. Huyo sijui nimuweke wapi kwenye hesabu zangu, hakuliwa, hakuokoa shayiri ya mtu.

Jikoni sasa. Nilirudi na wawili. Yule mdogo nilimuwahi pia na kisu akiwa bado anatapatapa, kwa wenzangu Waislamu mtakaouliza, kuhusu anayekufa kwa risasi kabla hujamfikia masheikh wanatofautiana, ulizeni wa kwenu, mimi nilikula niliowachinja. Mdogo ni mtamu kwelikweli, utamjua hata kwa masikio, yanachanika kwa vidole kama karatasi. Nilimloweka na chumvi na ndimu usiku mmoja, nikamtia kitunguu saumu, tangawizi, tui zito, dakika 40 ameiva, nyama inaachia mfupa. Ila ni mchache, wanne tukakwaruza sufuria. Yule jike nilimchemsha masaa mawili na nusu na bado alikuwa mgumu, na kusema ukweli sikumaliza sahani. Mke wangu akauliza kina nini, nikasema chumvi imezidi.

Kwahiyo nyota. Usalama na ufundishaji tano. Bei sawa tu, kuna wanaotoza zaidi bila hata kukupa chai. Msimu na tangazo lao moja, na hiyo moja ni kwa sababu mzee alimwacha yule mwenye masikio meusi bila kulazimishwa na sheria, maana yake anajua. Wastani nyota tatu.

Niliwaandikia kuwashauri, nikasema angalau mwezi wa pili mpaka wa nane wapige wadogo waliokwisha acha kunyonya tu, wakubwa waachwe, ni rahisi, sura ya duara unaiona kwenye darubini. Wakajibu ndani ya saa moja, asante kwa maoni yako, wakanipa punguzo la asilimia 15 kwa mwezi wa sita. Nimewaomba walihamishie Desemba, wamekubali.

Parking ipo, ya tope, usiende na gari ya chini. Choo hakuna.